Sakafu Yako Imevaa Nini? Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Sakafu za Mbao

Tangu tulipojibu swali fupi la msomaji aliyetaka kuurudishia mlango wake wa mninga sura yake ya zamani, barua zinazotufikia zimevuka kizingiti na kuingia ndani, kwa kuwa karibu zote sasa zinauliza habari za sakafu. Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu aliyeiandika anakaribia kufanya uamuzi ambao hauwezi kutenguliwa, na kwa sababu mengi yaliyomo katika jibu lake yatawafaa hata wale ambao barua zao hazikupata nafasi.

SWALI: Nimestaafu ualimu na nimerudi Moshi katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yangu mwaka 1962. Sebule na vyumba viwili vina sakafu ya vipande vya mninga vilivyopangwa kwa mtindo wa mifupa ya samaki. Wapangaji waliokaa humo miaka mingi walikuwa wakiipaka polishi nyekundu, na sasa sakafu ni nyeusi, inanata wakati wa joto, na nikipita na soksi zinachafuka. Fundi mmoja anataka kuleta mashine ya msasa, akwangue yote na kupiga vanishi. Mwingine anasema nipake polishi nyingine juu yake, itang'aa tu. Nimfuate yupi? – *Mwalimu mstaafu, Moshi*

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Ninakuomba usimfuate yeyote kati yao mpaka utakapojua sakafu yako imevaa nini, maana wote wawili wamekuandikia dawa bila kukupima.

Mbao ya sakafuni hukingwa kwa mojawapo ya njia tatu. Kuna nta, ambayo hukaa juu na kupenya kidogo tu katika vinyweleo vya mbao. Kuna mafuta yanayokauka, ambayo hunywewa na mbao na kugandia ndani yake. Na kuna vanishi, ambayo hujenga utando mgumu juu ya mbao kama ukucha juu ya kidole. Kila moja ina namna yake ya kusafishwa, na kosa ninalolikuta mara nyingi majumbani ni kuitunza moja kana kwamba ni nyingine. Vanishi ikipakwa juu ya nta haishiki, na baada ya muda mfupi huanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Nta ikipakwa juu ya vanishi ya kisasa ya poliyurethani hushika, lakini huleta utelezi na kukamata vumbi, na siku utakapotaka kuongeza koti jipya la vanishi itakubidi kwanza uiondoe yote.

Kupima si kazi ngumu. Chagua pembe isiyoonekana, kwa mfano nyuma ya kabati, udondoshe tone la maji na kusubiri kama dakika tano. Tone likisimama kama umande juu ya jani la gimbi, kinga iliyopo bado ni nzima. Likinywewa na kuacha alama iliyokolea, mbao iko wazi au kinga yake imechakaa. Baada ya hapo chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kidogo kwa tapentaini na usugue palepale. Kitambaa kikitoka na uchafu wa kahawia au mwekundu unaoteleza vidoleni, hiyo ni nta. Kisipotoka na kitu, jaribu spiriti: utando ukilainika na kunata, hiyo ni shelaki, vanishi ya zamani inayotokana na ulimbo wa wadudu, ukibaki kama ulivyokuwa, yaelekea ni poliyurethani au vanishi nyingine ya kisasa.

Kwa jinsi ulivyoeleza, nitashangaa sana ikiwa yako si nta. Polishi nyekundu ni nta iliyotiwa rangi, na imekusudiwa sakafu za saruji, ambako rangi yake huficha kijivu cha saruji. Juu ya mninga, ambao tayari una rangi yake ya kahawia yenye wekundu ndani, rangi hiyo haina kazi yoyote isipokuwa kujaza vinyweleo na kuziba michoro ya mbao. Weusi unaouona ni vumbi la miaka mingi lililofungwa kati ya tabaka moja la nta na jingine, na kunata kwake ni kwa sababu nta nene hulainika kwa joto. Fundi wako wa pili, kwa hiyo, anakushauri uufungie uchafu ndani kwa mara nyingine.

Kuiondoa nta hiyo hakuhitaji mashine. Fungua madirisha yote, uzime moto wa aina yoyote ndani ya nyumba, kuanzia jiko la gesi hadi ubani, kwa kuwa mvuke wa tapentaini hushika moto upesi, kisha uvae glavu. Fanya kazi kwa mraba mdogo, kiasi cha mita moja kwa mita moja. Lowesha kitambaa kwa tapentaini, upake mraba huo, usubiri dakika tatu hadi tano ili nta ilainike, halafu usugue kwa sufi ya chuma iliyo laini kabisa ukifuata nyuzi za mbao, jambo ambalo katika mtindo wa mifupa ya samaki linamaanisha kubadili mwelekeo wa mkono kwa kila kipande. Futa mara moja kwa kitambaa kikavu kabla nta haijaganda tena. Utatumia matambara mengi kuliko unavyofikiri, na kila moja litatoka jeusi. Sehemu zenye tabaka nene zitahitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Hapa kuna tahadhari ambayo ningeomba uisome mara mbili. Sakafu nyingi za vipande za miaka hiyo zilibandikwa kwa lami, na lami huyeyushwa na tapentaini. Ukimimina kioevu hicho sakafuni badala ya kukipaka kwa kitambaa, kitapenya katika maungio, lami italainika, vipande vitalegea na weusi utapanda juu. Tena, ikiwa kuna kipande kilichong'oka na chini yake kuna gundi nyeusi, usiikwangue ikiwa kavu wala kuipiga msasa, kwa sababu baadhi ya gundi nyeusi za zamani zilichanganywa na asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Nta ikishaisha, acha sakafu ipumue siku mbili, kisha uitazame wakati wa asubuhi jua linapoingia kwa upande. Mara nyingi utakachokikuta ni mbao nzuri yenye mikwaruzo ya kawaida ya nyumba iliyoishi watu, na mikwaruzo hiyo haidai msasa. Sisemi haya kwa kuuchukia msasa, kwani nimekula mkate wake kwa miaka mingi. Lakini mashine mikononi mwa fundi mwenye haraka inaweza kuondoa milimita nzima kwa siku moja, na mbao haioti tena. Vipande vinene vya zamani vina unene wa kiasi cha milimita 20 na vinaweza kuvumilia msasa mara kadhaa katika maisha yake. Lakini kuna vile vijiti vyembamba vilivyopangwa kama mkeka, ambavyo vingi vina milimita 8 tu, na hivyo havina cha kupoteza. Chomoa kipande kimoja kilicholegea karibu na mlango, ukipime kwa rula, ndipo uzungumze na fundi wa kwanza. Ikiwa kweli kuna mabonde na madoa yaliyoingia ndani, aanze na msasa namba 60, aende 80, amalize na 100 au 120, asiruke hata hatua moja, kwa kuwa kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia.

Kwa nyumba yako mimi ningerudi kwenye nta, ila iwe nta safi ya nyuki isiyotiwa rangi. Chukua gramu 100 za nta, uiyeyushe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si moja kwa moja juu ya moto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo haihitaji maji yanayochemka kwa nguvu. Ikishayeyuka, toa chombo nje, mbali kabisa na jiko, ndipo umimine kidogo kidogo mililita 300 hadi 400 za tapentaini huku ukikoroga. Itakapopoa itakuwa laini kama siagi. Paka kwa kitambaa safu nyembamba sana, nyembamba kiasi cha kudhani hujapaka kitu, usubiri nusu saa, kisha usugue kwa brashi na baadaye kwa kipande cha blanketi. Nyumbani kwetu mdogo wetu alikalishwa juu ya blanketi kuukuu, nasi wakubwa tukamvuta chumba kizima mpaka akachoka kucheka. Uzito wake na joto la msuguano ndivyo vilivyoleta mng'ao, wala si wingi wa nta. Safu mbili za mwanzo zinatosha, na baada ya hapo mara moja au mbili kwa mwaka, tena pale tu watu wanapopita sana.

SWALI: Miezi mitano iliyopita tulitandika mbao za mtiki katika nyumba yetu mpya Dar es Salaam. Sasa kingo za kila ubao zimeinuka na katikati kumebonyea, ukipitisha mkono unahisi mawimbi. Binti anayetusaidia kazi hudeki kila asubuhi kwa maji yenye jiki ili kuua vijidudu. Fundi aliyetandika anasema atarudi kupiga msasa kusawazisha. Je, tumruhusu? – *Baba wa watoto watatu, Dar es Salaam*

JIBU: Hapana, ndugu yangu, si sasa. Ubao huvimba unapopata unyevu na kusinyaa unapokauka, na hufanya hivyo kwa upana wake, karibu hakuna kabisa kwa urefu. Kingo zinapoinuka, maana yake upande wa chini umelowa kuliko upande wa juu na umevimba zaidi, hivyo ubao umejikunja kama sahani. Mkizikata kingo hizo kwa msasa leo, siku unyevu utakapoondoka ubao utarudi sawa, na pale palipokatwa patakuwa pamepungua. Katikati kutasimama kama kifua cha njiwa, na hapo ndipo mtakuwa na tatizo ambalo halina subira wala dawa isipokuwa kukata tena.

Kwanza sitisheni maji. Pili, tafuteni unyevu unatoka wapi, kwa maana huenda deki ni sehemu tu ya tatizo. Nyumba ni mpya, na zege hukauka kwa miezi mingi, hasa katika hewa ya pwani. Kama kuna chumba ambacho bado hakijatandikwa, bandikeni kipande cha nailoni juu ya zege, mzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, na kukiacha siku nzima, usiku na mchana. Mkikuta matone chini ya nailoni au zege limebadilika rangi, zege bado linatoa maji, na yaelekea fundi alitandika mapema mno au hakuweka kizuizi cha unyevu chini ya mbao. Angalieni pia bomba la kiyoyozi linamwaga maji wapi, na kama chini ya skatingi, ule ubao mwembamba unaozunguka chini ya kuta, fundi ameacha nafasi ya kiasi cha milimita 10 kati ya mbao na ukuta. Bila nafasi hiyo mbao zinazovimba hazina pa kwenda. Chanzo kikishaondolewa, subirini. Mbao nyingi zilizopinda hurudi zenyewe kwa miezi kadhaa, na msimu mmoja wa kiangazi unaweza kuwaokolea gharama yote ya fundi.

Kuhusu binti, nawaomba msimlaumu. Sakafu nyingi za mjini leo ni za vigae, na kwenye vigae alichokuwa akikifanya ni usafi mzuri kabisa. Mkalisheni mumweleze kwamba mbao ni kitu tofauti: hufagiliwa kwa ufagio laini au kupitishiwa dekio kavu kila siku, ili kuondoa mchanga. Mchanga wa pwani ni chembe za madini magumu kuliko vanishi yoyote, na kila kiatu kinachouburuza ni msasa mdogo. Mkeka mlangoni, na desturi yetu ya kuvua viatu kizingitini, ni kinga kubwa kuliko chupa zote za dukani. Mara moja kwa juma apitishe kitambaa kilichokamuliwa kwa nguvu, kiasi kwamba alama ya unyevu anayoiacha nyuma yake inakauka ndani ya dakika moja. Katika maji hayo matone machache ya sabuni isiyo kali yanatosha.

Jiki iachwe. Klorini huchubua rangi ya mbao na kuchosha vanishi, na juu ya sakafu ambayo haina tone la maji yaliyotuama hakuna sababu ya kuua kitu kila asubuhi. Siki nayo, ambayo wengi hupeana kama siri ya jikoni, ni asidi; kidogo kidogo hufifisha utando mpaka sakafu inakuwa kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

SWALI: Nimepanga nyumba ya zamani Nairobi yenye sakafu ya mbao. Nilipohamisha chungu cha maua nilichokuwa nimekiweka juu ya kisahani cha bati, nimekuta duara jeusi tii. Nimesugua kwa sabuni, haliondoki. Natakiwa kurudisha nyumba mwezi ujao. – *Mpangaji, Nairobi*

JIBU: Dada, hilo si uchafu, ndiyo maana sabuni haiwezi kulitoa. Mbao nyingi zina tanini, kitu kilekile kinachoifanya chai ya rangi ikaze ulimi, na tanini ikikutana na chuma na maji hutengeneza rangi nyeusi ndani ya mbao yenyewe. Kisahani chako kilitoa kutu, maua yalitoa maji, na mbao ikamalizia. (Ni kwa sababu hiyohiyo kwamba sufi ya chuma niliyomshauri Mwalimu hutumika na tapentaini tu, kamwe si na maji, na chembe zake zote hufutwa baadaye.)

Dawa yake ni asidi oksaliki, ambayo huuzwa kama unga wa chembe nyeupe katika maduka ya kemikali na baadhi ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni sumu, kwa hiyo glavu na barakoa ni lazima, na watoto wawe mbali. Kwanza ondoa nta au vanishi juu ya doa, kwani asidi isipoifikia mbao haifanyi kazi. Koroga unga katika maji ya uvuguvugu ndani ya chombo cha plastiki au kioo, usitumie cha chuma, upake kwa brashi juu ya doa lote na kidogo nje ya ukingo wake, na uache mpaka pakauke. Weusi hufifia mbele ya macho yako. Rudia ikibidi, kisha futa mara kadhaa kwa kitambaa chenye maji safi, kwa maana masalia yakikauka na baadaye yakapigwa msasa, vumbi lake huumiza koo na macho. Kamwe usichanganye dawa hii na jiki, wala usiipake mahali palipopakwa jiki muda mfupi uliopita, kwa kuwa asidi na jiki zikikutana hutoa gesi ya klorini.

Mahali hapo patakuwa peupe kuliko pengine, na kupafananisha na sehemu nyingine kunahitaji mkono uliozoea. Kwa hiyo ningemweleza mwenye nyumba kabla ya kuanza, kisha mkubaliane nani afanye kazi hiyo. Kwa wasomaji wengine wenye alama nyeupe za vikombe badala ya nyeusi: hizo ni unyevu ulionaswa katika nta au vanishi, bado haujaifikia mbao, na mara nyingi huondoka kwa kusuguliwa taratibu kwa nta kidogo na kitambaa laini.

SWALI: Nilinunua mbao za mvule, nikatandika chumba cha mbele, nikapiga vanishi ya mafuta. Wiki mbili zimepita na bado inanata. Muuzaji wa vanishi anasema nimepaka vibaya, muuzaji wa mbao anasema vanishi ni mbovu. – *Seremala, Bukoba*

JIBU: Fundi mwenzangu, huenda wote wawili wanawaonea bure, wewe na vanishi. Mvule una kemikali zake za asili, zile zinazoukinga usiliwe na wadudu na kuoza, na baadhi yake huchelewesha kukauka kwa vanishi ya mafuta. Mtiki pia una mafuta yanayoweza kusumbua kwa namna hiyo. Mwenye kuufanyia kazi mvule anaujua kwa ukaidi wake: wakati mwingine ndani yake mna mawe ya chokaa yanayong'oa meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo barakoa si anasa.

Usiongeze koti jingine juu ya linalonata. Likwangue na kulifuta kwa thina, uache mbao ikauke, upige msasa mwepesi, kisha saa hiyohiyo ufute tena kwa kitambaa chenye thina ili kuondoa mafuta ya juu na, kabla hayajapanda mengine, upake koti jembamba la shelaki isiyo na nta ndani yake. Shelaki hutenganisha mbao na vanishi, na vanishi ikishapata pa kukaa hukauka kama kawaida. Jaribu kwanza juu ya kipande kilichobaki. Baada ya koti la mwisho mpe mteja wako maelekezo kwamba kukauka si kukomaa: poliyurethani ya mafuta hukanyagika baada ya siku moja au mbili, lakini huchukua karibu mwezi kufikia ugumu wake wote, na zulia lisitandikwe mapema.

SWALI: Sakafu yangu inang'aa kama ya mbao lakini fundi amekataa kuipiga msasa. Kwa nini? – *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Mshukuru. Yaelekea ni lamineti, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, na juu yake picha ya mbao chini ya utando mgumu wa plastiki. Tazama kama michoro inajirudia ileile kila baada ya mbao chache. Msasa utaifuta picha, na nta haina pa kuingia. Inatosha kitambaa chenye unyevunyevu kidogo, na maji yasifike kwenye maungio.

SWALI: Bibi yangu alikuwa akiyasugua masanduku ya mbao kwa mafuta ya nazi, na mpaka leo yanapendeza. Nina ghorofa ya juu yenye sakafu ya mbao nzee, kavu na zilizopauka. Je, nipake mafuta ya nazi? Jirani amependekeza mafuta ya taa, kwa sababu yanafukuza mchwa. – *Msomaji, Unguja*

JIBU: Alilofanya bibi lilifaa kwa sanduku, kwa sababu alipaka kidogo, akafuta, na hakuna mtu anayetembea juu ya sanduku. Sakafuni mambo hubadilika. Mafuta ya nazi hayakauki kamwe. Hubaki mafuta, hukamata kila chembe ya vumbi, na baada ya muda huchacha na kunuka. Mafuta ya alizeti na mengine mengi ya jikoni nayo hayafai, kwa kuwa hayakauki vizuri. Mafuta ya taa ni mabaya zaidi: huyeyusha nta yoyote iliyopo, huacha harufu, na huiweka nyumba katika hatari ya moto, hali mchwa hutoka ardhini kwa njia zake za udongo na hasumbuliwi na harufu itakayokwisha baada ya siku chache. Ukiziona njia hizo ukutani, au vitundu vidogo vyenye unga laini kwenye mbao, shida yako si ya kung'arisha tena na inamhitaji mtu wa kupuliza dawa.

Mafuta yanayofaa ni yale yanayokauka kwa kukutana na hewa, na yanayopatikana kirahisi ni linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani. Nunua yaliyochemshwa, kwani mabichi huchukua siku nyingi mno kukauka. Hakikisha mbao ni safi na kavu, na katika Unguja ningechagua kiangazi badala ya masika. Koti la kwanza lipunguze makali kwa kulichanganya na tapentaini kiasi sawa, ili lizame. Paka, uache dakika 20 hivi, kisha futa yote ambayo mbao haikuyanywa. Hapo ndipo wengi hukosea: wanayaacha yaliyobaki juu wakidhani mbao itaendelea kunywa, nayo hugeuka kuwa gundi. Subiri siku mbili au tatu, upake koti la pili lisilochanganywa, jembamba, ufute tena. Mbao zilizopauka zitarudisha rangi yake mara moja, na utaona michoro ambayo pengine hakuna aliyeiona humo tangu bibi yako alipokuwa msichana.

Kisha kuna matambara, na kwa hili sina budi kusisitiza. Linsidi inapokauka hutoa joto. Sakafuni joto hilo hupotea hewani, lakini kitambaa kilicholowa mafuta kikikunjwa na kutupwa kwenye ndoo au pembeni mwa chumba, joto hujikusanya ndani yake mpaka kitambaa kinawaka chenyewe, bila kiberiti wala cheche, na mara nyingi ni baada ya saa kadhaa, watu wakiwa wamelala. Katika nyumba za ghorofa zilizobanana kama zenu, zenye boriti na mbao kuukuu, moto wa namna hiyo hauishii chumba kimoja. Kila tambara ulilotumia litandaze nje, moja moja, juu ya mawe au saruji, mbali na ukuta, mpaka likauke na kuwa gumu kama karatasi. Au litumbukize katika kopo la bati lililojaa maji, ulifunike, na ulipeleke kopo hilo nje siku hiyohiyo. Fundi akija kukufanyia kazi hii, usimruhusu aondoke kabla hujayahesabu matambara yake.